Qingdao ilikuwa koloni la Mjerumani au alipanga tu? Tuuchambue ule mkataba wa miaka 99

Watu wengi wanaijua Qingdao, mji wa bandari wa Uchina, kwa bia, ile Tsingtao ya chupa ya kijani inayopatikana karibu kila mgahawa wa Kichina, na baadhi wanajua pia kwamba kiwanda chake kilianzishwa na Wazungu mwaka 1903. Kinachochanganya ni swali linalofuata: kwaiyo Qingdao ilikuwa koloni la Mjerumani? Kwa vitendo ndio, tena koloni kamili, lenye gavana, bendera na viboko. Kwenye karatasi hapana, alikuwa mpangaji. Na hii tofauti ya karatasi, ambayo mwaka 1898 ilionekana ni maneno ya wanasheria tu, ndo iliyokuja kuwaingiza wanafunzi barabarani Beijing miaka 21 baadae, kwaiyo ukitaka kuuelewa ule ugomvi inabidi uanze na mkataba wenyewe.

Ila kabla ya mkataba kulikuwa na shida ya bandari. Manowari za enzi zile zilikuwa za mvuke, zinakula makaa ya mawe balaa, na kikosi cha Mjerumani cha Asia Mashariki hakikuwa na kwao, kikitaka matengenezo ya maana kinaenda kubisha hodi Hong Kong kwa Mwingereza. Kwa Kaizari Wilhelm II aliyetaka nchi yake iheshimike baharini hiyo ilikuwa fedheha. Mwaka 1896 Alfred von Tirpitz, wakati huo mkuu wa kikosi hicho, alizunguka pwani ya Uchina kutafuta pa kutia nanga na moyo wake ukaangukia Ghuba ya Jiaozhou, kusini mwa rasi ya Shandong, sehemu iliyokingwa vizuri na ambayo nyuma yake kuna jimbo lenye makaa ya mawe ya kutosha. Mwaka uliofuata akatumwa injinia wa bandari, Georg Franzius, akapima, akasema panafaa. Yani mahali palishachaguliwa, kilichokosekana ni sababu.

Sababu ikapatikana usiku wa tarehe 1 Novemba 1897 kwenye kijiji kimoja huko Juye, magharibi mwa Shandong, mbali kabisa na bahari. Mapadre wawili wa Kijerumani, Richard Henle na Franz Xaver Nies, walikuwa wamemtembelea mwenzao Georg Stenz, na Stenz kama mwenyeji yeyote muungwana akawaachia wageni chumba chake cha kulala, yeye akaenda kujibanza chumba cha mtumishi. Usiku likaja kundi la watu wenye silaha, likaenda moja kwa moja chumba cha padre, likawaua waliokuwa mle ndani, afu likaanza kumtafuta wa tatu likamkosa. Inaelekea Stenz ndo aliyekuwa anatafutwa, wale wageni walikufa kwa ukarimu wake.

Huko Berlin Kaizari aliposikia hakusubiri uchunguzi wala nini, amri ikaenda kwa Admirali Otto von Diederichs aichukue ghuba. Asubuhi ya tarehe 14 Novemba meli tatu za Kijerumani zikawashusha wanamaji 700 hivi Qingdao, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji cha wavuvi chenye kambi ya jeshi na gati moja. Askari wa Kichina waliwaona wanashuka wakadhani wamekuja kufanya mazoezi, wakawaacha wapite. Wajerumani wakashika ghala la baruti, wakakata waya za telegrafu, wakakaa kwenye vilima, afu ndo Jenerali Zhang Gaoyuan akapelekewa barua ya kumwambia ana masaa matatu ya kuwaondoa watu wake, bunduki wanaruhusiwa kubeba, mizinga waache. Risasi haikulia hata moja. Ile gati ya asubuhi ile bado ipo, ndo inayoonekana kwenye nembo ya bia.

Sasa karatasi. Tarehe 6 Machi 1898, Beijing, kwa upande wa Uchina wakasaini Li Hongzhang na Weng Tonghe, kwa upande wa Ujerumani balozi Edmund von Heyking. Eneo lenyewe ni dogo, kilomita za mraba 552 za nchi kavu, yani kama theluthi ya kisiwa cha Unguja, na muda ni miaka 99. Ukisoma vifungu vyake utaona ajabu. Uchina inabaki na mamlaka yake juu ya ardhi, hilo limeandikwa, ila kwa miaka yote 99 inakubali kutoyatumia hayo mamlaka. Kuzunguka ghuba kunakuwa na ukanda wa kilomita 50 ambao ni wa Mchina, lakini askari wa Kijerumani wanapita watakavyo na Mchina hawezi kufanya jambo la maana humo bila ridhaa ya Mjerumani. Mjerumani haruhusiwi kumpangishia mtu mwingine. Na kifungu ninachokipenda kuliko vyote: Mjerumani akiamua kuondoka kabla ya muda kuisha, Uchina itamrudishia gharama zote alizotumia na kumpa sehemu nyingine nzuri zaidi. Hebu fikiria mpangaji wa hivyo, aliyeingia kwa kuvunja mlango, akakuandikia mwenyewe mkataba, kodi ya pango haijatajwa hata senti, na siku akichoka wewe ndo umlipe rangi aliyopaka na umtafutie nyumba kali zaidi.

Juu ya hapo akapewa haki ya kujenga reli ndani ya Shandong na kuchimba makaa kilomita 15 kila upande wa reli. Hapo ndipo pesa ilipokuwa, ghuba ilikuwa ni mlango tu.

Kwanini basi asichukue tu moja kwa moja aseme hii ni yangu? Hapa msomaji wa pwani yetu ana faida, maana huu mchezo wa kukodi umechezwa kwetu kabla haujafika Uchina. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki pwani ya Tanganyika kwa miaka 50, ikusanye ushuru na kutawala kwa jina la Sultani. Agosti jamaa wakaingia mijini wakataka bendera ya kampuni ipande pamoja na ya Sultani, Pangani pakachafuka, ikawa vita ya Abushiri, mpaka Berlin ikaleta jeshi chini ya Wissmann, na mwaka 1890 Mjerumani akaona bora amalize, akainunua pwani yote kwa Sultani kwa maki milioni 4 (maki ndo pesa ya Kijerumani ya enzi zile). Upande wa Kenya ule ukanda wa maili kumi ulibaki wa kukodi toka 1895 mpaka 1963, bendera ya Sultani inapepea Fort Jesus, Sultani analipwa kila mwaka, anayeamua ni Mwingereza. Kukodi kulikuwa na raha yake: unapata utawala, ushuru na bandari, afu mwenye mali unamwachia jina, na kwa jina lile wakubwa wenzako hawana pa kuanzia kelele kwamba unaigawa nchi ya mtu. Uchina mwaka 1898 kila mkubwa alikuwa anamchungulia mwenzake, kwaiyo hilo jina lilikuwa na kazi.

Tofauti ni kwamba Sultani angalau alilipwa.

Basi wakaanza kujenga. Koloni zingine zote za Mjerumani, Afrika Mashariki ikiwemo, zilikuwa chini ya watu wa makoloni. Jiaozhou peke yake ikawekwa chini ya ofisi ya jeshi la maji, yani chini ya Tirpitz mwenyewe ambaye kufikia hapo alishakuwa waziri, na magavana wake wote walikuwa maofisa wa majini. Tirpitz alitaka iwe koloni la mfano, la kuwaonyesha wabunge wa Berlin kwamba wanamaji wanaweza kutawala vizuri kuliko wale wa nchi kavu, kwaiyo hela ilimwagwa, kwa miaka 16 karibu maki milioni 200 na nyingi ni ruzuku toka Berlin. Ndo maana ukiangalia picha za zamani unakuta barabara, bandari kubwa, umeme, miti iliyopandwa kwenye milima iliyokuwa mipara, na majitaka yanapita kwenye mabomba yake mbali na maji ya mvua. (Hayo mabomba yana hadithi yake mtandaoni, kwamba kifaa kiliharibika miaka mia baadae na kampuni ya Kijerumani ikajibu chimbeni mita tatu pembeni mtakuta spea zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Tamu sana ila ni uongo, na mabomba ya Mjerumani yalihudumia kipande kidogo tu cha mji.)

Kitu ambacho mimi naona kilikuwa cha akili kweli ni sheria ya ardhi. Siku ileile ya kushuka, Diederichs alipiga marufuku mtu yeyote kuuza ardhi bila ruhusa. Afu serikali ikawa ndo mnunuzi pekee, inanunua kwa mkulima kwa bei ya zamani, inapima viwanja, inauza kwa mnada. Ukinunua lazima ujenge, unalipa kodi ya ardhi asilimia 6 kila mwaka, na ukiuza kwa faida serikali inachukua theluthi ya faida. Aliyeitengeneza ni Wilhelm Schrameier, na lengo lilikuwa kuwakata makali walanguzi wa viwanja, watu ambao sisi wa Dar tunawafahamu fika, anashika kiwanja miaka kumi hajaweka hata tofali anasubiri barabara ipite. Sun Yat-sen, mwanamapinduzi wa Kichina, aliipenda sera hii, na miaka ya 1920 Schrameier akaitwa Guangzhou kuja kushauri, akafia hukohuko 1926. Ila tusisahau huyo mnunuzi pekee anafaidika na nani: mkulima aliuza kwa bei ya shamba, mnada ukauza kwa bei ya mji. Vijiji kadhaa vilibomolewa ili mji upate nafasi.

Na mji wenyewe ulikatwa vipande. Uzunguni ni mbele ya bahari, nyumba za paa jekundu, Mchina haruhusiwi kuishi pale labda awe mtumishi. Wafanyabiashara wa Kichina wakawekwa Dabaodao, ng'ambo ya kilima, na vibarua mbali zaidi, Taidongzhen na Taixizhen. Sheria zikawa mbili, Mzungu anahukumiwa kwa sheria ya Kijerumani, Mchina ana sheria yake ambayo ndani yake kuna viboko. Mwaka 1900 ikatoka amri ya Wachina ambayo kati ya mambo mengine ilimtaka Mchina anayetembea kuanzia saa 3 usiku mpaka alfajiri awe ameshika taa inayowaka. Kwenye mji ambao Mjerumani alijisifu kaufunga umeme. Mambo yalilegea kidogo baada ya mapinduzi ya 1911, pale vigogo wa utawala wa Qing, ufalme uliopinduliwa, walipokimbilia Qingdao na mifuko imejaa, maana tajiri ni tajiri.

Nje ya mji reli ndo ilileta damu. Ilikuwa inapita Gaomi, sehemu ya bonde inayojaa maji, na tuta la reli likaziba njia ya maji, wakulima wakaona mashamba yao yatazama na makaburi ya wazee wao yanafukuliwa, wakang'oa vigingi vya wapimaji. Toka 1899 mpaka 1900 Wajerumani wakatuma askari, vijiji vikashambuliwa, watu wakauawa, na kiongozi wa wakulima, Sun Wen, akakamatwa na kuuawa na mamlaka za Kichina zenyewe. Kumbuka hapo ni nje ya eneo la kukodi. Mpangaji alikuwa anapigana kwenye shamba la mwenye nyumba. Treni ikafika Jinan 1904.

Sasa twende 1914, maana hapa ndo karatasi inaanza kuuma.

Mwaka 1895 Japani ilipompiga Mchina ilichukua rasi ya Liaodong, na Urusi, Ufaransa na Ujerumani wakaungana "kumshauri" Mjapani airudishe kwa ajili ya amani ya Mashariki. Ushauri wenyewe una manowari nyuma yake. Akairudisha, akameza. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, tarehe 15 Agosti 1914 Japani ikamtumia Mjerumani barua ya kumshauri akabidhi Jiaozhou bila masharti wala fidia mpaka tarehe 15 Septemba, na maneno ya ile barua yalipangwa makusudi yafanane na yale ya 1895. Miaka 19 mtu kaweka kinyongo. Barua ilisema pia kwamba lengo ni kuja kuirudisha kwa Uchina, hiyo sentensi iweke mfukoni. Mjerumani hakujibu, tarehe 23 Japani ikatangaza vita.

Waliokuwa wanailinda Qingdao chini ya gavana Alfred Meyer-Waldeck hawakufika 5,000. Wajapani walikuja zaidi ya 20,000, na Waingereza 1,500 hivi wakiwemo Masingasinga, na Wajapani walianza kwa kushukia Longkou, ambayo ni ardhi ya Uchina isiyo na upande kwenye vita. Mchina akalalamika, nani amsikilize. Japani ilikuwa na meli inayobeba ndege za majini, Wakamiya, ikarusha mabomu toka angani, kati ya mashambulizi ya mwanzo kabisa duniani ya ndege zilizotoka melini. Mjerumani alibaki na rubani mmoja anayeruka, Gunther Plüschow, ambaye alichomoka na nyaraka siku moja kabla mji haujaanguka. Tarehe 7 Novemba bendera nyeupe ikapanda. Wiki ileile, huku kwetu, Lettow-Vorbeck alikuwa ametoka kuwafurusha Waingereza Tanga, na huyo Lettow naye Uchina alishaijua, alikuwepo kwenye msafara wa Kijerumani wa 1900 wa kuzima uasi wa Boxer.

Wafungwa wakapelekwa Japani. Kambi ya Bandō walifanya maisha, wakaanzisha hadi okestra, na Juni 1918 wakapiga Simfoni ya 9 ya Beethoven, mara ya kwanza kupigwa nzima Japani.

Haya, swali la mtihani: mpangaji kafukuzwa na mtu wa tatu, nyumba ni ya nani? Uchina ilisema mpangaji kaondoka, nyumba yangu, tena nilimkataza kuipangisha kwa mwingine. Na Agosti 1917 ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani ikasema mikataba yote nayo imekufa, pamoja na huu. Kisheria hoja nzuri. Kuongeza uzito, vibarua wa Kichina karibu 140,000 walikuwa wamepelekwa Ufaransa kuchimba mahandaki na kubeba mizigo ya Waingereza na Wafaransa, wengi wao vijana wa Shandong hiyohiyo.

Japani nayo ilikuwa na makaratasi yake, tena mengi. Mwaka 1915 ilimbana rais Yuan Shikai kwa orodha ya masharti iitwayo Madai 21 mpaka akasaini kwamba Uchina itakubali chochote Japani na Ujerumani watakachokubaliana kuhusu Shandong. Mwanzoni mwa 1917 ikachukua ahadi za siri toka kwa Uingereza na Ufaransa kwamba wataiunga mkono. Na Septemba 1918 balozi wa Uchina kule Tokyo, Zhang Zongxiang, akaandika barua kuhusu mipango ya Shandong, wakati huo serikali yake inahitaji mkopo wa Japani, akasema serikali yake inakubali kwa furaha. Kwa furaha! Hayo maneno mawili yaliwamaliza wajumbe wa Uchina kwenye mkutano wa amani wa Paris, maana huwezi kusema ulilazimishwa afu barua yako inasema umefurahi.

Paris, Januari 1919, kijana Wellington Koo, mjumbe wa Uchina, alitoa hotuba iliyosifiwa na kila mtu, akasema Shandong ni nchi ya Confucius, yule mwanafalsafa, na kwa Mchina ni nchi takatifu. Rais Wilson wa Marekani alimwelewa, ila aliogopa Japani isije ikasusa Shirikisho lake la Mataifa. Mwishoni mwa Aprili wakubwa wakaamua: vifungu vya 156 hadi 158 vya mkataba wa Versailles vinampa Japani haki zote za Mjerumani. Ule mkataba wa 1898 uliopatikana kwa kuvunja mlango ukachukuliwa kama mali halali ya kurithishwa.

Habari ikafika Beijing. Tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi kama 3,000 wakajaa Tiananmen, wakaenda nyumbani kwa waziri Cao Rulin wakaichoma moto, mle ndani wakamkuta Zhang Zongxiang, yule wa kwa furaha, wakampiga akazimia. Migomo ikasambaa mpaka Shanghai, wajumbe wa Uchina wakagoma kusaini tarehe 28 Juni. Chen Duxiu na wenzake kadhaa wa vuguvugu lile ndo haohao walioanzisha Chama cha Kikomunisti mwaka 1921.

Japani ilikuja kubanwa na Marekani na Uingereza kwenye mkutano wa Washington, na Februari 1922 ikasaini kuirudisha Shandong, Qingdao ikakabidhiwa tarehe 10 Desemba mwaka huo. Ile sentensi ya mfukoni ikatimia, baada ya miaka minane, na sio bure: reli Uchina ililazimika kuinunua, maki za dhahabu milioni 53 na ushee, kwa hati za hazina za kulipa miaka 15. Reli iliyojengwa na Mjerumani, ikatekwa na Mjapani, kwenye ardhi ya Mchina, afu Mchina ndo mnunuzi. Na kabla deni halijaisha vizuri Wajapani walisharudi, 1938, wakakaa mpaka 1945.

Mikataba mingine ya kukodi ya enzi zile, majirani wa ule wa Qingdao, nayo kila mmoja uliisha kivyake. Urusi ilikodi Port Arthur mwezi huohuo Machi 1898 kwa miaka 25, ikanyang'anywa na Japani 1905, Wasovieti wakairudia 1945 na kuondoka 1955. Mwingereza alikodi Weihaiwei kwa muda wa ajabu, "mpaka Mrusi atakapotoka Port Arthur", Mrusi akatoka na yeye akaendelea kukaa mpaka 1930. Mfaransa na Guangzhouwan, miaka 99, ikaishia 1945. Uliofika tarehe yake ni mmoja tu, ule wa New Territories za Hong Kong uliosainiwa Juni 1898, nao Mwingereza hakupenda: kisiwa cha Hong Kong alikuwa amepewa moja kwa moja, ila maji, mashamba na makazi ya watu yalikuwa upande wa kukodi, kipande kimoja bila kingine hakikai, kwaiyo 1 Julai 1997 akarudisha vyote. Ule wa Qingdao ungefika ungekuwa umeisha miezi minne kabla yake.